Vipimo vya mkate wa sinia wa bibi

Mkate wa sinia, ambao nyumba nyingine huuita mkate wa kumimina, hauna unga wa ngano wala haukandwi. Ni mchele ulioroweshwa usiku kucha, ukasagwa kwa tui la nazi, ukatiwa hamira na hiliki, ukaachwa uumuke, kisha ukamiminwa katika sufuria yenye samli na kupikwa kwa moto wa chini na wa juu. Maelezo hayo yanamtosha mtu anayetaka kupika mkate wowote wa sinia, na Mombasa haikosi mikate hiyo, hasa mwezi wa Ramadhani, wakati meza za futari zinapopangwa vichochoroni mwa Mji wa Kale tangu alasiri. Hayamtoshi anayetaka kuupika mkate wa bibi yangu mzaa mama, aliyeishi Kibokoni maisha yake yote. Mkate wake ulikuwa na macho marefu yaliyopanda kutoka chini hadi juu, ukingo mkavu wa rangi ya hudhurungi, na uchachu mdogo uliokuja ulimini baada ya utamu kwisha.

Bibi hakuacha maandishi ya upishi. Alijua kusoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na daftari lake lipo mpaka leo, lakini humo aliandika madeni: nani amechukua kanga na hajalipa, nani amelipa nusu. Mapishi hayakuwa jambo la kuandikwa, kwa kuwa waliokuwa wakiyahitaji walikuwa naye jikoni. Alipofariki tulibaki na kumbukumbu za wanawe, na nilipoanza kuzikusanya kumbukumbu hizo zilipingana katika jambo la msingi kabisa, yaani kile kitu kilichouumua mkate.

Mama mkubwa, ambaye ndiye kifungua mimba wa bibi, alinishangaa nilipomuuliza kiasi cha hamira. “Hamira? Sisi tumelelewa na mkate wa tembo. Nyinyi wa juzi ndio wa hamira.” Tembo analolitaja ni la mnazi, linaloshushwa na mgema alfajiri likiwa bado tamu. Chachu za asili huanza kulifanyia kazi mara tu linapoanza kudondoka, ndiyo maana la asubuhi huwa tamu, la jioni huwa kali, na likilala huelekea kuwa siki. Lile tamu ndilo lililotiwa katika mchele uliosagwa asubuhi hiyo hiyo, nalo likauumua mkate polepole. Mama yangu, aliyezaliwa miaka mingi baada ya dada yake, anaapa kwamba hajapata kuliona tembo ndani ya nyumba ile, na kila mmoja alimwona mwenzake kuwa amesahau. Kumbe wote wawili wanasema kweli. Bibi alikwenda kuhiji, na aliporudi aliliondoa tembo jikoni mwake, tamu na kali, wala hakutaka lijadiliwe, akaanza kutumia hamira ya dukani.

Kwa hiyo ile mikate ilikuwa miwili, na mimi nilikula wa pili tu, ambao ndio niliouandama. Hata hivyo habari ya ule wa kwanza ilinifungulia njia. Mtu aliyezoea mkate wa tembo kwa miaka mingi hawezi kuridhika na mkate wa hamira wenye utamu mtupu, na ni wazi kwamba bibi alitafuta namna ya kuurudisha uchachu ule bila kulirudisha tembo lenyewe. Namna hiyo haimo katika maelezo ninayoyaona kila mahali, yanayosema tia kijiko cha hamira, ngoja saa moja, mimina.

Baada ya khitma, vyombo vya bibi viligawanywa kama inavyokuwa katika kila nyumba. Kopo lake la kupimia mchele lilikwenda kwa binamu yangu Likoni, bakuli lake kubwa la kauri kwa mke wa mjomba Kisauni, sufuria ya shaba kwa mama mkubwa, na vikombe vya kahawa kwa mama. Hakuna aliyefikiri wakati ule kwamba pamoja na vyombo tulikuwa tukiugawa mkate. Bibi hakupima kwa gramu wala kwa vijiko. Alipima kwa vitu hivyo hivyo, na mtu akiwa navyo vyote mbele yake hahitaji maandishi. Mchele ulikuwa kopo moja likikatwa sawasawa. Sukari ilikuwa vikombe vinne vya kahawa. Rojo liliachwa liumuke mpaka lifike kwenye mstari wa maua ya buluu yaliyochorwa ndani ya bakuli. Haya yote wanawe waliyajua na waliniambia bila kusita, ila kila mmoja aliniambia kwa kutaja chombo ambacho hakipo tena mikononi mwake.

Nikachukua mizani ya jikoni na jagi la kupimia, nikavifuata vyombo vilipo. Kopo nililikuta bafuni kwa binamu yangu, anachotea maji ya kuoga, ukingo wake umebonyea upande mmoja. Likikaushwa na kujazwa mchele linachukua gramu 650, na hapo nilitabasamu, maana hicho ni kama kibaba cha kale: kibaba kilikuwa robo ya pishi, na pishi ya nafaka ilikuwa na uzito wa kama kilo 2.7. Bibi alikuwa akipika kwa kibaba hata baada ya maduka yote kuhamia kwenye kilo. Mke wa mjomba alinipa bakuli kwa sharti. “Pima hapa hapa, mwanangu, lisitoke nyumbani.” Mpaka kwenye maua linachukua lita 2 na robo. Kikombe cha kahawa kinabeba gramu 60 za sukari, kwa hiyo vinne ni gramu 240, kiasi ambacho ni kidogo kuliko kinachotiwa siku hizi.

Sufuria ya shaba sasa ni pambo juu ya kabati la mama mkubwa. Bati lililopakwa ndani limechakaa mpaka shaba inaonekana, na shaba tupu haifai kupikiwa kitu chenye uchachu kwa sababu huyeyuka kidogo kidogo na kuingia katika chakula. Nilipima upana wake tu, sentimita 26, nikanunua katika soko la Marikiti sufuria nene ya alumini yenye upana huo huo na kuta zilizosimama wima. Upana una maana kubwa kuliko nilivyotarajia. Katika sufuria nyembamba rojo hupanda kina, na moto wa chini hauwezi kuyafikisha macho juu kabla ubavu haujaungua. Katika pana mno mkate hutoka kama chapati nene. Kwa kipimo cha kopo lile na sufuria ile, rojo linapomiminwa halifiki vidole viwili.

Kuhusu mchele, mama alikuwa na jawabu ambalo sikulisoma popote. Bibi hakuwa akisaga mchele mzima. Mchele ulipopepetwa katika ungo, mzima ulitengwa kwa wali na pilau, na chenga zilikusanywa katika mkebe mpaka zitimie kopo, ndipo mkate ulipopikwa. Mkate wa sinia katika nyumba ile ulikuwa chakula cha kutotupa kitu, ingawa watoto waliuona kuwa ni wa sikukuu. Chenga zina faida zake: hufyonza maji upesi kuliko punje nzima na husagika laini bila taabu. Mchele wa pakiti tunaonunua siku hizi umekwisha kuchambuliwa na mashine, na mtu anaweza kupika mwaka mzima asipate chenga za kujaza kikombe. Sokoni chenga bado zinauzwa, tena kwa bei ya chini, na muuzaji mmoja aliniuliza kama nafuga kuku. Nimejaribu pia mchele wa pishori. Inanukia vizuri, lakini harufu yake inashindana na hiliki, na kuisaga pishori ni kuionea.

Nazi ni mbili, zilizokomaa, zikunwe kwa kibao cha mbuzi na kukamuliwa kwa kifumbu. Linalotakiwa ni tui la kwanza, mililita 550 hivi. Wengi hukamulia maji ya moto ili tui litoke zito, na hakuna ubaya, mradi lipoe kabisa kabla ya kukutana na hamira, kwa sababu hamira ni viumbe hai na joto linalopita nyuzi 55 huviua. Blenda nayo huongeza joto kwa kule kuzunguka kwake. Jagi lake likiguswa baada ya dakika kadhaa za kusaga huwa na uvuguvugu. Bibi alisaga kwa jiwe na hakuwa na shida hiyo. Mimi husaga mchele na tui kwanza, kwa vipindi vifupi, mpaka nikilisugua rojo baina ya vidole nisihisi mchanga, kisha ndipo nitie hamira. Tui la pakiti linapika mkate, lakini mara nyingi limetiwa vitu vya kulizuia lisigande, na rojo lake huwa na utelezi ambao sikuupenda.

Sasa nifike kwenye wakati, ambako ndiko siri ya uchachu ilikokuwa. Ratiba ya bibi ilifuata sala. Mchele uliroweshwa baada ya Isha, ukasagwa baada ya Adhuhuri, na moto ukawashwa baada ya Alasiri ili mkate uwe tayari Magharibi. Mombasa iko takriban nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo nyakati za sala hazisogei sana mwaka mzima, na baina ya Adhuhuri na Alasiri kuna zaidi ya saa tatu. Yaani rojo lake lilikaa saa tatu, wakati maelezo ya kila mahali yanasema saa moja. Rojo lenye kijiko kizima cha hamira likiachwa saa tatu katika joto la mji huu hufurika mezani, kisha hushuka na kunuka kama pombe. Nilimuuliza mama bibi alitia hamira kiasi gani. Hakutaja kijiko, bali alibana kidole gumba na cha shahada, na akaongeza kwamba wakati wa kaskazi alipunguza, na wakati wa kusi akaongeza.

Hicho ndicho alichokifanya badala ya tembo. Hamira ikiwa chache hufanya kazi polepole, na katika saa hizo bakteria waliomo katika mchele ulioroweshwa hupata nafasi ya kutengeneza asidi, ambayo ndiyo uchachu ule. Hamira ikiwa nyingi huumua mkate kabla uchachu haujazaliwa. Bibi hakuhitaji kuyajua haya kwa majina yake ya kisayansi. Alijua ladha anayoitafuta na alijua Alasiri ni saa ngapi. Joto la kaskazi, mwezi wa Januari au Februari, huharakisha kila kitu, na baridi ya kusi, kama inastahili kuitwa baridi, huchelewesha. Kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, mwezi huo humkuta mpishi katika misimu yote kadiri umri wake unavyosonga, naye hana budi kubadilisha mbano wa vidole vyake. Kwa mizani yangu mbano wa mama ni kama robo ya kijiko cha chai katika kusi na chini ya hapo katika kaskazi.

Sukari haitiwi mwanzoni. Sukari nyingi hulemea hamira, kwa sababu huvuta maji kutoka katika chembe zake, hivyo bibi aliitia baada ya rojo kufika kwenye maua, akakoroga pole kwa mwiko, pamoja na hiliki iliyotwangwa papo hapo. Rojo hushuka likikorogwa, na anayeliona mara ya kwanza hudhani ameliharibu. Liachwe tu muda wa kuwasha moto, litainuka tena. Ute wa yai, ambao wengi huutia hapa ili mkate uwe mwepesi, haukuwamo, na mama mkubwa huutaja kama mtu anayetaja kashfa ya jirani.

Moto ndio ulionichosha kuliko yote. Mimi nakaa ghorofani, Tudor, na mwenye nyumba hataki makaa ndani, jambo ambalo siwezi kumlaumu. Nilianza na tanuri la umeme kwa sababu lina moto wa chini na wa juu kwa pamoja, na mkate ulitoka mzuri wa sura, wa rangi moja, ukikatwa ndani umebanana na hauna macho. Tatizo ni huko kuwa kwa pamoja. Katika jiko la bibi mioto miwili ilikuja kwa zamu. Sufuria ilitiwa samli, ikawekwa juu ya makaa mpaka samli ipate moto, rojo likamiminwa likapiga chii, ikafunikwa. Joto lilitoka chini tu. Mvuke na hewa ya hamira vilipanda juu kupitia rojo lililoanza kushikana, vikaacha njia, na njia hizo ndizo macho. Tanuri hukausha uso wa mkate mapema, na hewa ikifika juu hukuta mlango umefungwa.

Kwa hiyo uso ni wa kutazamwa. Kifuniko kikifunuliwa baada ya dakika chache, vipovu vya kwanza huonekana kando kando, vidogo na vinavyong’aa, navyo hupasuka na kuzibika. Baadaye vinasogea katikati, na vinavyopasuka sasa vinabaki wazi. Kisha mng’ao unaondoka kuanzia ukingoni, rojo linakuwa na rangi ya kufifia kama chokaa, na duara dogo la katikati ndilo pekee linalobaki na umajimaji. Hapo ndipo bibi alipoweka kifuniko cha bati na kukipalia moto juu. Kwa moto huo wa juu hakutumia makaa mengi. Alitumia vifuu vikavu vya zile zile nazi mbili zilizokunwa, kwa sababu vifuu hushika upesi, hutoa joto kali na kwisha upesi, na kazi ya juu ni kuukausha na kuupa rangi uso tu. Wapo wasiopalia moto ambao huigeuza sufuria nzima juu chini ikatazamana na makaa, mkate ukiwa umejishika ndani. Mama mkubwa anasema bibi alifanya hivyo kwa wageni ili wamwone.

Katika jiko langu la gesi nimeweka kipande kizito cha chuma baina ya moto na sufuria ili joto lisambae, moto nikauteremsha mpaka chini kabisa, na uso unapobaki na lile duara dogo naihamisha sufuria chini ya moto wa juu wa tanuri, ambao nimeuwasha mapema. Dakika nne au tano zinatosha, nayo haiachwi bila mtu. Macho yalirudi. Ukingo mkavu ulirudi pia, mara nilipoacha kuogopa kutia samli ya kutosha.

Mkate ulipotoka kwa namna hiyo niliupeleka Kibokoni ukiwa na uvuguvugu, pamoja na chupa ya kahawa. Mama aliukata, akautazama ubavuni palipokatwa, akala kipande bila kusema, akakata cha pili. Mama mkubwa alikula chake taratibu, akakubali kwamba uchachu upo na kwamba hiliki imezidi. “Huu ni wa mamako,” akasema, “si wangu.” Nikamweleza kwamba ninaweza kubakisha kikombe cha rojo kila nipikapo na kukitumia kama chachu ya mkate unaofuata, bila hamira mpya, na kwamba baada ya mara kadhaa huenda ladha ikaukaribia ule wa tembo pasipo mtu kulazimika kumwendea mgema. Alitaka kujua kikombe hicho kitakaa wapi siku zote hizo. Nilipomjibu kwamba kitakaa katika friji, aliniambia bibi hakuwa na friji, kisha akauliza nitaanza lini, kwa sababu Alhamisi angependa kuwapo tangu wakati wa kusaga.